Waokota Masazo wa Nyansurura

Mwanamke wa kwanza katika picha ya ukutani alinyooka Jumatatu, saa nne asubuhi, Bhoke akiwa anafagia sebule. Picha ile mumewe aliinunua mpakani Sirari: wanawake watatu wa Ufaransa wameinama shambani, wanaokota masuke ya ngano yaliyosazwa na wavunaji. Sasa mmoja alisimama wima, na sebule nzima ilinuka jasho na mabua makavu.

Mwalimu Selestine wa shule ya kijiji alikwisha kuwaeleza habari za picha hiyo. "Ni ya karne ya kumi na tisa. Maskini kule waliruhusiwa kuokota baada ya mavuno. Matajiri wa Paris walipoiona, walikasirika. Hawakutaka kuonyeshwa njaa."

Method, mumewe Bhoke, alicheka tu. Na Jumapili, mtama ulipokwisha kuvunwa, alitia kufuli kwenye geti la shamba. Mtu mwenye maghala mawili yaliyojaa! Kijijini Nyansurura wajane huokota masazo kwanza, ng'ombe ndipo wafuate. Yeye alisema ng'ombe wake wataingia Jumatano, basi. Bibi Waisiko, mjane anayelea wajukuu wanne, alikuja kuomba. Method hakumpa hata shikamoo, akamfungulia mbwa. Bhoke aliona, hasira ikampanda, lakini hakutoka kumzuia, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumanne alinyooka wa pili. Safari hii Bhoke alisikia, ko, ko, ko, mfupa kwa mfupa, na kabla hajapata sauti ya kuita mtu, mlio uleule ukajibu kutoka chumbani kwa mumewe, polepole, kama mtu anavunja kuni kavu, na harufu ya jasho ikazidi mpaka akaziba pua kwa kitenge, akaenda, akamkuta Method ameng'ang'ania kitanda, uso umetazama sakafu, mgongo umekataa kunyooka.

"Mama Gidion," alinong'ona, "wamenikalia mgongoni. Wanawake. Wanasema niokote. Ichome ile picha, tafadhali. Mwite mchungaji."

Bhoke alirudi sebuleni na kiberiti. Wa tatu alikuwa amegeuza uso, anamtazama yeye. Hofu ilimjaa mwili mzima. Halafu akamkumbuka Bibi Waisiko akikimbia mbwa kwa miguu yake ile mibovu, na hasira ikaisukuma hofu pembeni. Akakiweka kiberiti mezani, akachukua ufunguo wa geti kwenye shati la mumewe.

"Kwanza shamba," alisema.

Adhuhuri Bhoke alifungua geti, wajane wakaingia na vikapu. Nyuma yao akatokea Method, bila kuitwa, amejikunja, mikono yake mwenyewe inamvuta chini. Aliokota suke moja, akalitia kwenye kikapu cha Bibi Waisiko, akaokota jingine, machozi yanamtiririka.

"Bhoke, mwanangu," bibi alinong'ona, "huyu ana jini. Mchungaji yuko njiani?"

"Sijamwita, mama."

Bhoke alilitazama shamba hadi mwisho wake, ekari kumi nzima.

"Baba Gidion," akasema, "umeruka suke hapo."