Sauti ya Mfua Chuma

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mama alikuwa sebuleni akikunja nguo, na Chiriku amejifungia ndani ya kabati la kaka yake, blanketi kichwani, akirekodi sauti. Jina hilo la utani lilimganda tangu utotoni kwa kuongea bila kituo, na kazi yake ikamfaa: kufundisha chekechea.

Kaka yake alikuwa akitengeneza gemu peke yake, kwenye kompyuta ya mtumba. Mchezaji ni msafiri anayepigana na mazimwi kijiji hadi kijiji, na akipumzika humtongoza mwanakijiji mmoja hadi wapendane. Chiriku alikuwa sauti ya mfua chuma, mwanamke mwenye maringo. Alisoma kila mstari akicheka. Mmoja tu ndio alioukataa: "Mimi ni wako, nichukue." Aliusoma kwa mzaha, kisha akamwambia kaka yake aufute, maana maneno kama hayo hawezi kumwambia kila mtu asiyemjua. Kaka akaitikia.

Hakuufuta. Ulikuwa umetoka vizuri mno.

Gemu lilipoingia mtandaoni watu waliligombania, na karibu wote wakamchumbia mfua chuma.

Wiki hiyohiyo Chiriku akaanza kukwama. Alifungua kinywa kumwita mtoto darasani, sauti isitoke, kisha ikarudi yenyewe. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima. Mama alisema ni uchovu tu. Kaka naye alisema hivyohivyo, macho yakiwa kwingine.

Adhuhuri moja kaka alikuwa chumbani akilijaribu gemu, sauti ameipunguza. Kupitia mlango alimsikia Chiriku akimsimulia mama vituko vya watoto. Akabonyeza, mfua chuma akaongea. Sebuleni kukawa kimya. Mfua chuma akamaliza, na Chiriku akaendelea na hadithi yake.

Akabonyeza tena. Kimya.

Akabonyeza kwa mara nyingine.

"Mbona unakatakata maneno, mwanangu?" mama akauliza.

Angeliondoa gemu saa ileile, haya yasingesimuliwa. Lakini lilikuwa limeingia kwenye mashindano, na waamuzi walikuwa wakilicheza. Akajiambia, wiki moja tu. Akala, akalala, akaamkiana na dada yake kila asubuhi, na kila asubuhi salamu yake ikawa fupi zaidi.

Alishinda. Siku ya kutangazwa, Chiriku alimkumbatia kwa nguvu. Hakusema kitu. Hakuwa tena na sauti ya kusemea.

Hapo ndipo alipolifuta, mtandaoni na kwenye kompyuta. Sauti haikurudi. Na kwenye simu yake mwenyewe, alikokuwa amelipakua pia, gemu likakataa kufutika. Alipolifungua hakukuwa na zimwi wala mwanakijiji. Nyumba zote wazi. Mfua chuma alikuwa amesimama katikati ya njia, uso umeelekea kwake.

Alishindwa kulibeba jambo hilo peke yake. Aliichukua simu hadi sebuleni, akapiga magoti mbele ya mama na kusema yote, Chiriku akisikiliza. Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni.

"Mwanangu," akanong'ona. "Umekula?"

Swali hilo halikuwemo kwenye gemu. Wala jibu lake. Kitini, midomo ya Chiriku ikaanza kucheza bila sauti. Sauti ikatoka simuni.

"Bado, mama. Huku hakuna anayekula."

Simu ikazimika.

Haikuwaka tena. Siku hizi Chiriku hufundisha kwa makofi na vidole, na kaka yake, aliyeacha kutengeneza gemu, huenda naye kila asubuhi kuwasomea watoto hadithi badala yake. Watoto humwomba aigize sauti za wanyama. Huziigiza, huku dada yake ameketi kando akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo linalomkata maini.

Simu iko juu ya kabati, betri imetolewa. Mama huishusha kila siku kuifuta vumbi. Katikati ya kioo kuna doa la ukungu, dogo kama pumzi ya mtu aliyesogeza mdomo karibu. Hulisugua kwa kanga, hulisugua kwa kidole. Halitoki. Liko upande wa ndani, na hupungua, kisha huongezeka, kisha hupungua.