Ganzi Njiani Kwenda Kivinje

Mwanaima ni msusi. Anaishi Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, pamoja na mume wake Nurdin na binti yao mdogo, Fauzia. Nurdin ni fundi cherehani. Asubuhi yeye hukaa upande mmoja wa kibaraza na cherehani yake. Mwanaima hukaa upande wa pili na wateja wake. Ukitaka habari za Mitwero, nenda kasukwe hapo.

Ubavuni mwa nyumba ilisimama pikipiki nyekundu. Haikuwa ya kubebea abiria. Ilikuwa pikipiki ya spoti. Usukani wake uko chini, vikanyagio viko juu kwa nyuma, na dereva huinama mbele juu ya tenki. Kaka yake Mwanaima, Twalib, alimwachia alipohamia Zanzibar. Mwanzoni watu walicheka. Mama wa mtoto juu ya kitu kile! Mwanaima aliwaacha wacheke. Alijifunza vizuri, akapata leseni, akavaa helmeti yake na kuondoka.

Kila baada ya wiki mbili alikwenda Kilwa Kivinje kumwona mama yake, Bi Tawakali. Mama alikuwa mjane, na miguu ilimsumbua. Hakuwa na binti mwingine. Kwa pikipiki, Mwanaima aliweza kwenda leo na kurudi kesho bila kungoja gari la mtu.

Lakini safari zenyewe zilikuwa mateso. Kabla hajafika Mchinga, vidole vyake vya mikono vilianza kufa ganzi. Baadaye mgongo uliuma, na makalio yakawaka moto. Alipofika Kivinje alishuka amejikunja, akabaki amesimama uani kwa muda kabla ya kuweza kunyooka.

"Tatizo ni siti," Nurdin alisema. "Ngumu mno. Niachie mimi."

Alikata kitambaa kizuri cha maua. Akashona mto, akaujaza sufi mpaka ukafura. Akaufunga juu ya siti kwa vipande vya mpira.

"Haya, Mama Fauzia, kaa hapo kama bibi harusi."

Mwanaima alikaa. Mto ulikuwa laini ajabu. Alicheka, akamshukuru mumewe. Lakini alipoteremsha miguu, ni ncha za vidole tu zilizogusa ardhi. Hakusema kitu. Angesemaje, na mwenzake ameshona kwa moyo namna ile?

Barabarani, mto ulidumu na ulaini wake muda mfupi tu. Sufi ilijikusanya pembeni. Katikati pakabaki bapa. Mto ukateleza mbele, na Mwanaima akateleza nao mpaka akabanwa kwenye tenki. Uzito wote ukaangukia mikono. Ganzi ilikuja mapema kuliko siku zote.

Karibu na Mchinga, mbuzi alikatiza barabara. Mwanaima alivuta breki ya mkono. Vidole havikumsikia! Vilikuja kukaza vimechelewa. Bahati nzuri hakuwa na mwendo mkali, na mguu uliwahi breki ya nyuma. Pikipiki ilisimama. Akataka kukanyaga chini, mguu haukufika. Pikipiki ikalala ubavu, na yeye nayo.

Mbuzi alienda zake. Mwanaima alichubuka goti, na kioo kimoja kikavunjika. Wapita njia walimsaidia kuinua pikipiki. Alirudi nyumbani polepole.

Nurdin aliliona goti, akaiacha cherehani yake.

"Pikipiki hii irudi kwa Twalib," alisema.

"Na mama yangu?"

"Utakwenda kwa basi, ukipata nafasi."

"Baba Fauzia, nafasi yenyewe naipata lini? Wateja wangu je? Nitakuwa namwona mama Idi hadi Idi."

"Afadhali hivyo kuliko nije nikuokote barabarani!"

Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyeogopa. Mwanaima aliingia ndani akalia.

Kesho yake alikuja Jenipher, jirani yao, kusukwa. Jenipher anafanya kazi hospitalini. Yeye huwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, waliovunjika na waliopooza. Alimwona Mwanaima anachechemea, akauliza. Mwanaima akamweleza yote huku akimsuka.

"Siku ambazo huendeshi, ganzi ipo?" Jenipher aliuliza.

"Haipo, dada Jeni."

"Hata ukisuka kutwa nzima?"

"Hata. Inakuja nikiwa kwenye pikipiki tu."

"Basi hebu tukaitazame hiyo pikipiki. Nataka kuona unavyokaa."

Waliacha nywele nusu. Jenipher alikwenda ubavuni mwa nyumba na upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama. Fauzia alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji Nurdin, njoo utushikie pikipiki isimame wima," Jenipher aliita.

Nurdin alikuja kwa shingo upande, akaishika. Mwanaima alipanda, akainama kama kawaida yake.

"Sasa inua mikono kidogo tu kutoka kwenye usukani."

Mwanaima aliinua. Papo hapo kifua kikaanguka juu ya tenki.

"Mmeona?" Jenipher alisema. "Mikono ndiyo inayobeba mwili. Viganja vinagandamizwa safari nzima. Mishipa ya fahamu inabanwa, vidole vinakufa ganzi."

"Kwa hiyo si siti?" Nurdin aliuliza. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka.

"Siti nayo imo. Tazama, imeinamia mbele. Inamsukuma kwenye tenki. Na ule mto umemwinua juu, miguu haifiki chini."

Nurdin aliuangalia mto wake wa maua. "Kumbe ni mimi niliyemwangusha."

"Ulinishonea kwa kunihurumia," Mwanaima alisema haraka. "Mimi ndiye niliyenyamaza. Ningekwambia tangu siku ya kwanza."

"Lakini mto ni laini," Nurdin alisema. "Kitu laini kinamuumizaje mtu?"

Jenipher alifurahi kuulizwa. Aliomba sinia, akalijaza mchanga wenye unyevu, akatandika nailoni juu yake. Akaliweka kwenye benchi.

"Kaa hapo, Mwanaima. Inama kidogo. Haya, inuka."

Kwenye mchanga kulikuwa na vishimo viwili.

"Vimechimbwa na mifupa ya kukalia," Jenipher alieleza. "Kila mtu anayo. Siti nzuri huishikilia mifupa hii isizame. Bonyeza mto wako kwa dole gumba."

Nurdin alibonyeza. Dole lilifika chini mara moja.

"Sufi imezama," alisema polepole. "Kwa hiyo bado anakalia ile siti ngumu."

"Ndiyo. Sponji inayofaa ni ngumu kiasi. Ukibonyeza inakubali, lakini haifiki chini."

Nurdin akataka naye akae mchangani. Vishimo vyake vilikaribiana zaidi. Alichomoa futi yake ya kupimia, akapima vyote.

"Siti hii mbele ni nyembamba, Mama Fauzia. Mifupa yako inaning'inia pembeni!"

"Sema taratibu, majirani wanasikia," Mwanaima alisema, na wote wakacheka.

Wiki ile Nurdin hakushona gauni hata moja. Aliifungua siti. Kwanza alipunguza sponji ya zamani, ili siti isiwe juu kuliko miguu ya mkewe. Kisha akaweka sponji ngumu, pana pale mifupa inapokaa, na akasawazisha ule mteremko wa mbele. Akaivalisha ngozi ya bandia isiyoteleza. Mishono aliiweka pembeni, isimchome. Kila hatua alimwita Mwanaima akae na kukanyaga chini kwa nyayo.

Fundi pikipiki aliyeitwa Haruna alihakikisha siti imefungwa barabara. Akaweka kioo kipya, kisha akateremsha kidogo vishikio vya breki na klachi, ili vifundo vya mikono visikunjike.

"Na usukani, je? Hatuwezi kuuinua?" Nurdin aliuliza.

"Si kwa kubahatisha," Haruna alisema. "Ukiinuliwa vibaya, waya na mipira ya breki inavutika ukikata kona. Kwanza ajaribu hivi."

Jenipher alimfundisha Mwanaima kukaa. "Bana tenki kwa magoti. Inamia kwenye nyonga, usijikunje mgongo. Kaza tumbo. Viwiko vilegee. Usukani ushike kama umeshika kifaranga."

Mwanaima aliinua mikono. Safari hii kifua hakikuanguka.

"Usiendeshe moja kwa moja," Jenipher aliongeza. "Pumzika njiani, shuka, jinyooshe. Ganzi ikirudi, simama. Na ikiwepo hata siku ambazo huendeshi, njoo hospitali tukupime."

Kwanza Mwanaima alijaribu kwa safari fupi za mjini. Mapaja yalimuuma, kwa kuwa hayakuzoea kubana tenki. Yakazoea. Jumamosi moja Nurdin akasema mwenyewe, "Nenda. Lakini ukifika nipigie."

Mwanaima alisimama Mchinga, akajinyoosha. Akasimama tena mbele, akanywa maji. Kila mara alivichezesha vidole, akishangaa.

Alipofika Kivinje, mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umeshuka umenyooka?"

Mwanaima alicheka. Bi Tawakali akavua ushungi. Nywele zake zilikuwa nyeupe, chache, laini kabisa.

"Siku zote sikupi kichwa changu hiki, kwa kuwa unafika umechoka," mama alisema. "Unawasuka watu wa Lindi wote. Mimi je?"

Mwanaima alikaa kwenye kigoda, mama akaketi mkekani mbele yake. Simu ikaita. Alikuwa Nurdin.

"Vidole vinasemaje?" aliuliza.

Mwanaima alikuwa ameshatenga unywele wa kwanza. Aliuhisi wote, mwembamba vile, katikati ya vidole viwili.

"Niache kidogo, Baba Fauzia," alisema. "Namsuka mama."