Nguzo ya Nne Iliyotoka Kwenye Barafu

Niapie kwanza. Shika hicho kikombe cha kahawa useme hutamwambia mtu. Umesema? Haya. Mimi nimeshawaambia wanne, wewe wa tano.

Nukaaka, binti wa kaka yangu, ndiye anayewatunzia watafiti nguzo zao juu ya ile barafu yetu ndogo ya mlimani. Kila nguzo ina kisanduku, na kila dakika kisanduku huiambia setilaiti kipo wapi, ijulikane barafu imesogea na kukonda kiasi gani. Mwaka mzima barafu husogea hatua tatu tu. Kazi hiyo Bolethe aliitaka iwe ya mwanawe Ujuaat, na tangu waikose hamsalimii Nukaaka.

Jumatatu, jua zuri, Nukaaka alifungua kompyuta akakuta nukta ya nguzo ya nne imetoka kwenye barafu. Jumanne ilikuwa makaburini, naye akaanza kutapika. Jumatano ilifika darajani. Nukaaka hakuweza kusimama.

"Shangazi," alininong'oneza, "inakuja kwangu."

"Nyamaza. Utaiita."

Alhamisi mtoto wake alitimiza mwaka, kijiji kizima kikaja kunywa kahawa. Nukaaka alilala kwenye kochi, uso kama mshumaa. Bolethe hakuonekana.

"Afadhali," nikasema, "yule hula keki ya watu watatu."

Wakacheka. Kompyuta ilikuwa mezani. Nikachungulia.

Nukta ilikuwa nyuma ya nyumba.

Nje, mbwa wote wakanyamaza.

Tukatoka na vikombe mkononi. Bolethe alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha. Mapajani ana tupilaki, zimwi la mifupa linaloundwa kwa siri likaue mtu, na likishindwa humrudia aliyeliunda. Mbavu za sili. Nywele za Nukaaka. Kichwa cha zimwi, kile kisanduku cha nguzo ya nne.

"Nilitaka kichwa kinachojua njia," alisema, hata hakuona haya.

"Mama!" Ujuaat alilia. "Kitu hicho husema kilipo kila dakika! Kimekutaja njia nzima!"

Nikakipokonya. Nikang'oa betri, nikaitia mfukoni.

Dirisha likafunguka. Nukaaka alikuwa amesimama, wima kabisa, kompyuta mikononi.

"Shangazi," alinong'ona, "nukta inatembea. Inakwenda nyumbani kwa Bolethe."

Tukageuka wote. Nyumba yake ilikuwa tupu, sote twajua.

Pazia likavutwa kwa ndani.