Kilomita Mia Tano na Arobaini

"Nataka kilomita kwanza," mhudumu wa pampu alimwambia dereva wa teksi bila kumtazama usoni.

"Mpenzi, hata salamu?"

"Kilomita."

Foleni ya mafuta ilikuwa imepinda hadi nyuma ya soko, siku ya ishirini na sita sasa. Saluni zilikuwa zimefungwa, nyanya zinaozea shambani, na mwenye dumu lililojaa aliheshimiwa kuliko mwenye cheo. Kituo kilikuwa na sheria yake: lita kumi kwa kila gari, na kabla ya kujaza, mhudumu aandike daftarini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, ili wanaojaza wakauze kwa magendo wajulikane. Binti wa pampu ya pili aliishika sheria hiyo mpaka madereva wakambandika jina la Lita Kumi. Huyu aliyesimama mbele yake na teksi walimwita Breki, maana hakuwahi kuupita mkono uliopungwa. Walikuwa wachumba, na harusi ilibaki miezi miwili.

"Pole tena kwa msiba," Breki alisema. "Mama mkwe ningemzika hata kwa kutembea kwa magoti. Gari ndilo lililolala. Si nilikutumia meseji?"

Alimtumia kweli. "Tangi kavu, mpenzi. Gari halijasogea wiki nzima. Nipo nawe kwa moyo." Binti aliisoma akiwa ameketi kando ya jeneza, akamtetea kwa shangazi zake: jamani, mafuta hakuna, mnataka alibebe gari kichwani?

Akainama dirishani, akasoma mwenyewe. 88,950. Akafunua daftari. Siku kumi na moja nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe: 88,410.

"Mia tano na arobaini," alisema taratibu. "Kufika kwa mama kwenye mazishi ni arobaini na moja tu."

Breki akaanza kupangusa usukani ambao haukuwa na vumbi.

"Nilipata dumu kwa mtu."

"Lini?"

"Asubuhi ile."

"Ya mazishi."

"Nisikilize kwanza. Nauli imepanda mara tatu, watu wanabembeleza wafikishwe. Nikasema nikimbize siku hizi chache, harusi yetu isiwe ya kuombaomba. Nilifanya kwa ajili yako."

"Saa nane mchana ulikuwa umembeba nani?"

"Sikumbuki. Wafanyabiashara tu."

"Saa nane tulikuwa tunamshusha mama kaburini. Kila nikisikia mngurumo wa gari, nageuka."

Honi zikaanza nyuma. "Dada, tutazeekea hapa!"

Alimpenda, na hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa na mwanamke mwingine, hasira ingepata pa kukaa. Huyu alikuwa na abiria tu.

"Nisamehe," Breki alisema. "Harusi itakuwa nzuri, utaona."

"Mama ndiye angekaa mbele kwenye hiyo harusi. Mji mzima unakuita Breki. Yeyote akipunga, unasimama. Mimi nilikupungia siku mbili za msiba, ukanipita."

Akaingiza mpira wa pampu, akajaza lita kumi, hazikuzidi wala kupungua. Kisha akavua pete, akaiweka juu ya dashibodi.

"Mafuta ni haki yako, siwezi kukunyima. Na hii ni yako pia."

"Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Sogea. Kuna foleni."

Teksi iliondoka polepole. Nyuma yake likaja gari la mkate, linasukumwa na wanaume wanne, mzee mwenye tanuri akiwa kwenye usukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula leo?"

"Kilomita, baba."

"Soma tu. Tangu siku ile sijaliwasha. Watu wamekosa mkate, wananisema huko mpaka masikio yanauma."

Akasoma, akapiga hesabu pembeni ya ukurasa. Themanini na mbili. Arobaini na moja kwenda na jeneza la mama, arobaini na moja kurudi bila yeye. Akaiandika namba ile mara mbili, maana ya kwanza ilikuwa imelowa.

"Ni petroli, baba," alisema, akijifuta kwa mkono wa sare. "Inawasha macho."

"Najua, mwanangu," mzee akajibu, akitazama pembeni. "Hata mimi inaniwasha."