Nyumba ya Hudhaifa ya Juu ya Maji

"Kibla kiko wapi?" aliuliza Bi Kazija, kabla hata hajavua viatu.

Hudhaifa alinyoosha mkono kaskazini.

"Na maji yakigeuka?"

"Nyumba haizunguki, mama. Nimeifunga nanga nne, moja kila pembe."

Bi Kazija akaikanyaga sakafu kwa kisigino kama anayetaka kuitoboa. Alikuwa ametoka kisiwa cha Fundo kuja kukagua nyumba ya mposaji wa Nadhira, binti yake wa pekee. Na mposaji mwenyewe, Hudhaifa, fundi boti wa Wete, alikuwa amejenga vyumba viwili, jiko na choo juu ya mapipa ya plastiki yanayoelea, karibu na bandari. Umeme wa sola, maji ya mvua. Watu walicheka wakachoka, lakini haki isemwe, nyumba ilipendeza.

Simu ya Hudhaifa ikatikisika. Nadhira: "Mama kasemaje?"

Akajibu: "Kauliza kibla. Sasa yumo chooni, anakagua."

Bi Kazija alirudi, akakaa karibu na dirisha.

"Nyumba nzuri. Lakini mwanangu sikupi."

"Kosa langu nini, mama?"

"Weye ukiwa kazini, naye akaumwa, amwite nani? Hapa jirani yake nani, samaki changu na tasi? Na miye, babaake Nadhira keshatangulia mbele ya haki. Asubuhi atanigongea nani mlango?"

Hudhaifa alikuwa amejiandaa kuulizwa mapipa na sola, si upweke. Akatoka nje kumpigia Nadhira.

"Kakataa. Anaogopa kubaki peke yake."

"Hudhaifa, nyumba yako si inaelea?"

"Inaelea."

"Basi mbona umeing'ang'aniza Wete?"

Miezi minane ya kujenga, na hilo halikumpitia akilini. Akacheka peke yake, akarudi ndani.

"Mama, mbele ya jiko lako la Fundo, pale ufukweni, maji yakitoka, yanabaki kina gani?"

"Kiunoni. Kwani vipi?"

"Yanatosha. Nadhira hahami Fundo. Nahamia huko miye, na nyumba yangu."

Bi Kazija akajifuta macho kwa ncha ya kanga, bila kuficha.

Ijumaa ya harusi, maboti mawili yaliikokota nyumba hadi Fundo, kijiji kizima kikiwa ufukweni. Bi Kazija alikuwa majini hadi magotini, nguo zake mpya zimerowa, akiwaelekeza wanaume.

"Sogezeni. Bado. Sogezeni tena. Nataka nikiwa napika, nimuone."