Wakesho, Mtu wa Mwisho

"Kwa nini mdogo ndiye anayebaki nyumbani kila siku?" Wakesho aliuliza.

Kaka yake, Mwakio, alicheka tu. Eti ukungu wa milima ya Taita utamliza kabla hajafika darajani.

Shangazi Mkawasi alikuwa akifunga kamba za viatu. Yeye huongoza wageni milimani. Ndiyo kazi yake, na ndiyo raha yake. Amezunguka tangu udogoni: milima, majangwa, hata nchi za theluji.

Wakesho alimng'ang'ania amchukue, mpaka akakubali. Lakini kwa sharti.

"Utakuwa mtu wa mwisho," Shangazi alisema. "Mtu wa mwisho haachi mtu nyuma yake. Ukiikimbia nafasi yako, hutakuja tena."

Akampa filimbi kama yake.

Wakapanda. Shangazi mbele, wageni wanne katikati, Wakesho nyuma.

Mbele ikalia, fwii.
Nyuma ikajibu, fwii-fwii.
Maana yake, sote tupo.

Ukungu ukashuka. Taratibu, taratibu. Ukameza miti. Ukameza wageni. Ukameza hata viatu vya Wakesho.

Mbele ikalia, fwii.
Nyuma ikajibu, fwii-fwii.
Sote tupo.

Halafu nyuma kabisa, nyuma ya Wakesho, kitu kikajibu pia.

Fwii-fwii-fwii.

Wakesho akasimama. Si yeye ndiye wa mwisho?

Cha, cha, cha. Majani yakakanyagwa. Kisha kimya.

Miguu ya Wakesho ilitaka kukimbia. Ilitaka sana. Lakini mtu wa mwisho haachi mtu nyuma yake.

Akageuka. Akasogea kando ya njia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila ilitoka.

"Wewe wa nyuma, mimi ndiye wa mwisho. Pita mbele yangu."

Cha, cha, cha. Kitu cha baridi kikampita. Kilinukia mvua na majani mabichi. Hakuona mtu.

Mbele ikalia, fwii.
Katikati ikajibu, fwii-fwii-fwii.
Nyuma ikajibu, fwii-fwii.
Sote tupo.

Kileleni jua likatoka. Wageni walikuwa walewale wanne, wote na viatu vyao. Lakini kwenye tope, mbele ya nyayo za Wakesho, zilikuwapo nyayo nyingine. Ndogo. Za miguu mitupu.

Usiku ulipoingia, Wakesho alimsimulia Shangazi kila kitu, kitandani. Mwakio, kwenye kitanda cha pili, alijifunika mpaka kichwani.

Shangazi hakucheka. Alisema hata yeye aliwahi kusikia filimbi ile, alipokuwa mdogo kama Wakesho.

"Mimi nilikimbia," akasema polepole. "Nikamwacha nyuma. Tangu siku ile natembea dunia nzima, namtafuta. Wewe umempisha."

Akamfunika blanketi vizuri. Nje, ukungu ulilala juu ya paa, mtulivu.

Wakesho akafumba macho.

"Shangazi," akanong'ona, "kesho uniamshe mapema."