Breki za Mara Mbili

Nyumbani kwetu kila Jumamosi asubuhi ni kelele tupu. Baba, ambaye ni fundi magari, anagonga vyuma mbele ya nyumba, mama anafua, na kaka yangu anatafuta soksi. Siku hiyo kelele zilizidi, maana jioni tulikuwa tunapanda mlimani, kwenye kituo chenye darubini kubwa ya kutazamia nyota. Wageni hupokelewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi tu. Safari hiyo nilikuwa nimeililia mwaka mzima. Nilitaka kuziona pete za sayari ya Zohali kwa macho yangu mwenyewe, siyo kwenye kitabu.

Mimi ndiye niliyepanga kila kitu: makoti, chupa ya chai, mikate, na nani akae dirishani. Kilichobaki kilikuwa kumpigia simu mlinzi wa kituo atueleze hali ya barabara. Nikaiweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

"Barabara ni nzuri, mwanangu," alisema. "Ila mkishuka ni mteremko mkali, kona juu ya kona. Breki zenu zikoje?"

Baba alichomoa kichwa kutoka chini ya gari la mteja. "Mwambie ziko sawa!"

Ziko sawa? Thubutu! Gari letu ukilikanyaga breki mara ya kwanza halisikii, mpaka mara ya pili. Tulishazoea. Mama akiendesha huhesabu kwa sauti, "Moja, mbili," nasi tunacheka. Magari ya watu baba huyatengeneza yakapona kabisa, lakini letu kila siku ni "kesho."

"Zinashika," nilimjibu mlinzi, "lakini mpaka ukanyage mara mbili."

"Basi msije," akasema.

Kaka alinijia juu. "Umefurahi sasa? Kiherehere! Si ungesema tu ziko sawa?"

"Sisemi!" Machozi yalinitoka, lakini sikurudi nyuma. "Mimi ndiye ninayezitaka hizo nyota kuliko nyote, na bado sisemi!"

Baba alifuta mikono kwa hasira. "Mtoto wa juzi unifundishe breki mimi? Lete funguo, tunakwenda."

Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikaenda kukaa juu ya boneti. "Sitoi, baba. Nichape ukitaka. Fungua magurudumu kwanza. Ukikuta breki ni nzima, nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

Mama aliacha kufua. "Baba Kichwa Ngumu," alisema, "si fundi wewe? Fungua."

Alifungua huku akinung'unika. Alipofika gurudumu la nyuma, akapiga magoti kutazama vizuri. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki ulikuwa umechanika na tairi limelowa kwa ndani. Aliuvuta kidogo tu, ukamkatikia mkononi.

Jioni ile hatukwenda. Nilikula mikate ya safari uani nikiwa nimenuna, maana kusema kweli hakumkatazi mtu kununa.

Mwezi uliofuata tulipanda. Pete nikaziona, nikapiga kelele mpaka mlinzi akacheka. Wakati wa kushuka mama ndiye aliyeendesha. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki.

"Moja," akasema, na gari likatii papo hapo. Tukasubiri "mbili." Haikuja.

Baba akageuka kututazama. "Wanangu, nilitaka mseme uongo mdogo ili tusikose safari. Uongo ule ungetufikisha kwenye kona hii bila breki. Ukweli ulitunyima jioni moja tu. Muuseme hata ukiwauma, na hata kama anayewakataza ni mimi."

"Nitausema," nikamjibu. "Taa ya nyuma pia haiwaki."